Miti Iliyokula Upepo wa Naremiet

Vijana wa karakana ya Lodwar waliniomba niwaachie kitu cha kusoma kabla sijarudisha funguo. Walitaka kijitabu cha pampu: urefu wa mabomba, namna ya kukata ngozi za pistoni, namna ya kupanda mnara bila kuvunjika shingo. Nilikubali, nikaanza kuandika, na nilipofika ukurasa wa tatu nikaurarua. Nilikuwa naandika maneno ya mtu anayeijua kazi yake, na mwezi huohuo nilikuwa nimegundua kwamba kwa miaka mingi kulikuwa na jambo moja la kazi hiyo ambalo sikuliona, ingawa lilisimama mbele ya macho yangu na lilikuwa na miiba. Kwa kutoliona huko nilimfukuzisha kazi mtu asiye na kosa. Bado sijatulia. Hata sasa, kikombe cha chai mkononi, nashtuka upya kana kwamba nimeambiwa dakika hii.

Kwa hiyo nawaandikia habari ya mtu huyo, anaitwa Ekidor, na habari yangu mimi. Pampu zimo humu, maana sina kingine ninachokijua. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vikiwa vimechoka, na mishahara mnaijua wenyewe.

Mimi ni wa hapahapa Lodwar. Mama yangu ni Mturkana, na baba alikuwa dereva wa lori aliyekuja kutoka Kitale kushusha mahindi, akaoa, akasahau kurudi. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndicho walichoelewana nacho wawili hao, hata wakati wa kugombana. Nilipomaliza chuo cha ufundi nilipangiwa idara ya maji, nikafika karakana siku ya kwanza nimevaa ovaroli mpya iliyopigwa pasi. Fundi mkuu alikuwa Mzee Wafula, mtu wa Bungoma, mfupi, asiyependa maneno. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni akaniuliza kama naogopa maji. Nikacheka. Turkana nzima inayalilia maji, nani ayaogope?

Akanipeleka nyuma ya ofisi kwenye bomba linaloshuka kutoka tangi kubwa, maji yakipita kwa kasi, akaniambia nifunge vali upesi nilivyoweza. Nikaifunga kwa mkupuo mmoja. Yallah! Bomba liliruka, likagonga ukuta, kiungio kikapasuka na maji yakanipiga usoni. Nilipiga kelele hadi mhasibu akatoka nje. Mzee Wafula hakusogea hata hatua moja. Alisema kwamba maji yana uzito, na yakiwa mbioni hayakubali kusimamishwa ghafla; yale yaliyo nyuma hayajui kwamba ya mbele yamezuiwa, yanakuja vilevile na kugonga. Mafundi huita hiyo nyundo ya maji. Tangu siku hiyo nafunga vali polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Ovaroli haikurudi kuwa mpya tena.

Somo la pili alinipa njiani kwenda Lorugum. Mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani, na mto wa mchanga ambao asubuhi ulikuwa mkavu tukaukuta umejaa hadi ukingoni. Tukakaa kando kungoja upungue. Maji yalipita laini, isipokuwa mahali pamoja ambapo yalichemka na kujipinda juu. Aliniuliza jiwe liko wapi. Nikaonyesha pale yanapochemka. Akasema tungoje. Jioni maji yaliposhuka jiwe likajitokeza, na halikuwa pale nilipoonyesha. Lilikuwa hatua kadhaa nyuma, upande yatokako maji, na lilikuwa fupi kuliko nilivyodhani. Lilikuwa limezama kabisa wakati ule wote.

"Jiwe liko chini, na liko nyuma," alisema. "Vurugu iko juu, na iko mbele. Usitafute kosa pale unapoona kelele. Na upepo ni hivyohivyo, ila upepo huuoni."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari mara mbili. Baadaye kila fundi mpya niliyemfundisha alisikia habari ya jiwe la njia ya Lorugum, hadi wakawa wananicheka wakiona tunaukaribia mto ule. Naomba mlikumbuke, kwa sababu mimi niliyelihubiri ndiye niliyelisahau.

Siku hizo pampu nyingi za mbali ziliendeshwa na upepo. Ninyi mmezikuta zikiwa vyuma vichakavu, lakini sisi tulizipenda. Gurudumu la mapangaboi liko juu ya mnara, mkia unaligeuza lielekee upepo, giaboksi inabadilisha mzunguko kuwa panda-shuka, na fimbo ndefu ya chuma inashuka kisimani kuvuta pistoni, iliyozungushiwa ngozi ili maji yasivuje. Nilimuuliza Mzee Wafula kwa nini mapangaboi yamepindwa badala ya kunyooka kama mbao. Akachukua fomu ya ofisi, akaishika kwa ncha ikaning'inia, akapuliza juu yake. Karatasi ikainuka. Nilibaki mdomo wazi. Nilidhani itasukumwa chini. Alinieleza kwamba hewa ikipita mbio juu ya mgongo uliopinda, kanieneo lake, yaani msukumo wake, hupungua, kwa hiyo pangaboi halisukumwi tu na upepo, linavutwa pia. Hayo ndiyo matumizi bora zaidi ya fomu ya ofisi niliyowahi kuyaona.

Jambo lililonishtua kuliko yote ni hesabu ya upepo. Mzee Wafula aliniuliza: upepo ukipungua kasi kwa nusu, utapata maji kiasi gani? Nikasema nusu. Akasema hapana, sehemu moja kati ya nane. Nikabisha, nikaudhika, nikadhani ananichezea kwa sababu mimi ni msichana. Alinikalisha kando ya kisima siku mbili, siku ya upepo mzuri na siku ya upepo dhaifu, nihesabu ndoo. Siku ya pili wala sikuhitaji vidole vyote. Kisha akanifafanulia. Kasi ikiwa nusu, hewa inayofika kwenye gurudumu ni nusu, na kila pumzi ya hewa hiyo ina nguvu robo tu ya ile ya kwanza. Nusu ya robo ni moja ya nane. Ukilinyang'anya gurudumu upepo kidogo umelinyang'anya karibu kila kitu, na hilo kila fundi wa nishati ya upepo anapaswa kulilalia na kuliamkia.

Mzee Wafula alistaafu akarudi Bungoma. Aliniachia spana yake kubwa ya mabomba na kamba yenye mafundo ya kupimia kina cha maji kisimani. Nikawa mimi ndiye mkuu wa pampu za upande wa Kakuma, na hapo ndipo nilipoanza kuwa na akili nyingi.

Naremiet ni kijiji kidogo ndani kidogo ya barabara, kati ya Kakuma na Kalobeyei. Kisima kilikuwa kizuri, mnara ulikuwa na urefu wa mita tisa, na upepo wa kusini mashariki ulivuma karibu kila siku, ukipiga kona zote hadi mtu anakula ugali wenye mchanga. Mwendeshaji wa pampu alikuwa Ekidor. Wanakijiji walimchagua baada ya ukame kummalizia mbuzi, na hawakukosea. Alipaka grisi kwa wakati. Alikuwa na tabia ya kubandika sikio kwenye bomba na kusikiliza pistoni ikipanda na kushuka, kisha anakwambia ngozi zimebakisha mwezi mmoja, na ukifungua unakuta ni kweli. Sikuwahi kumsifu. Niliona ni kazi yake.

Kilichoniuma pale ni akina mama. Walikuwa wakisimama juani na madumu yao asubuhi nzima, na huku maji yaliyomwagika kwenye mfereji na birika la mifugo yanafanya tope bure. Nikapata wazo: tupande miti upande wa mashariki hadi kusini, inyweshwe na tope hilo, kivuli cha asubuhi kiangukie foleni. Nikachagua mathenge, mti wa miiba ambao leo kila mtu anautukana, kwa sababu hauombi msaada wa mtu kukua. Ofisini wazo likapendwa mno. Wageni wakaletwa kupiga picha. Nikaagiza kila pampu iwe na miti yake.

Siku ya kupanda, Ekidor alishika mche wa kwanza akaniuliza, "Mama, hii miti ni ya nani?"

Nilikuwa na furaha, watu wananitazama, na majivuno yamenipanda. Nikajibu, "Ni yangu."

Watu wakacheka. Ekidor hakucheka. Alitikisa kichwa kukubali, akapanda mche, akaunywesha kwa mkebe wa samli, na alifanya hivyo kwa kila mche jioni na asubuhi mpaka ukashika.

Mturkana yeyote anayesoma hapa ameshaelewa. Kando ya mito yetu kuna ekwar, kipande cha miti chenye mwenyewe. Ukoo unajua mwanzo wake na mwisho wake, na asiye mwenyewe hakati hata tawi la kuchokolea meno bila ruhusa. Mama yangu mzazi alilelewa ndani ya ekwar kando ya Turkwel. Kwa hiyo nilijua. Ila nilidhani hayo ni mambo ya mtoni na ya wazee, hayaingii kwenye pampu ya idara.

Baada ya miaka minne hivi maji yalianza kupungua. Ekidor akaleta habari kwamba pampu imechoka. Nikaenda, nikabadilisha ngozi, nikasafisha vali ya chini, nikafungua giaboksi. Nikateremsha kamba ya mafundo, na maji yalikuwa palepale yalipokuwa siku zote. Kila kitu kilikuwa kizima, lakini gurudumu linajivuta, linasimama, linageuka huku na huku kana kwamba limesahau upepo unakotoka. Nilitazama miti. Ilikuwa imenenepa kwa maji yangu, lakini gurudumu lilikuwa juu ya vilele vyake kwa kimo cha mtu na zaidi. Nikajiambia upepo unapita juu, miti iko chini, haihusiani.

Hapo ndipo Ekidor aliponiambia, kwa sauti ya chini na ya heshima, "Mama, miti yako inakula upepo. Nipe ruhusa nikate."

Nilicheka. Nilimwambia miti inakula maji, upepo hauna nyama. Nikaondoka nikimcheka njia nzima, mimi mwenye cheti.

Mara ya pili alipanda lori hadi Lodwar kuja kuniambia neno lilelile. Sasa sikucheka, nilishuku. Kakuma ilikuwa inanunua makaa kwa wingi, na mathenge huwa makaa mazuri. Mwendeshaji mmoja wa pampu nyingine alikuwa amekwisha kunikatia miti yote akaichoma. Nikamuuliza Ekidor makaa hayo anataka kumpelekea nani. Akavaa kofia yake, akaenda zake.

Mara ya tatu ilikuwa Naremiet, mbele ya kamati ya maji. Pampu ilikuwa inatoa kiasi cha kuaibisha na kina mama walikuwa wakali, nami nilitaka mtu wa kubeba lawama. Ekidor akaomba tena akate miti yangu. Nikalipuka. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mtu huyu ameiacha pampu izorote makusudi ili apate kisingizio cha kuchoma makaa. Nikafungua daftari juu ya goti nikaandika ripoti palepale, kwa Kiingereza, maana ofisi yetu husadiki Kiingereza upesi zaidi. Kamati ikakubali aachishwe kazi. Nani angembishia mama wa pampu?

Ekidor hajui kusoma. Alingoja nimalize, akauliza, "Umeandika nini?"

"Nimeandika nilichoona," nikamwambia.

Akanipa mkebe wa grisi na ufunguo wa mnyororo wa breki, akaenda. Nilisikia baadaye kwamba alihamia Ferguson's Gulf, kando ya ziwa, kwa mashemeji zake wavuvi, yeye mtu wa mifugo tangu kuzaliwa. Naremiet wakabaki wakimwita mtu wa makaa. Hakuwahi kuchoma hata kijiti.

Mwendeshaji mpya alifanya vibaya kuliko yeye. Nikaandika kwamba kisima kinachoka. Kina mama wakarudi kuchimba mchanga wa mto, mwendo mrefu na dumu mgongoni. Mwishowe tukafunga breki, gurudumu likasimama, na mimi nikaanza kuwaambia watu kwamba zama za upepo zimepita.

Na kweli sola zilikuwa zimefika. Ya kwanza niliiona Kalobeyei, na sitawaficha, niliizunguka mara tatu nikitafuta kitu kinachozunguka. Hakuna kinachosogea, na maji yanatoka! Ni mashine ya heshima, isipokuwa inataka kufutwa vumbi, na mbuzi huona paneli kama kibanda alichojengewa yeye. Nikazisimika nyingi. Naremiet niliiacha kila mwaka. Nilijiambia ni bajeti, lakini nadhani sikupenda kupaona.

Miezi miwili kabla ya kustaafu zamu ya Naremiet ikafika. Tuling'oe gurudumu na mnara, tuweke sola. Nilimchukua Mulumba, mchomeleaji kutoka Kongo anayeishi Kalobeyei, mtu wa mkono mzuri na maneno mengi. Lori lenye winchi lilishindwa kuingia. Mathenge yalikuwa yamefunga upande wote wa kusini mashariki, na miiba yake hutoboa tairi la lori bila shida. Nikasema kateni yote. Wanakijiji na mapanga yao, Mulumba na msumeno wa injini, siku mbili, ukuta mzima ukalala chini. Ni mimi niliyetoa ruhusa, kwa neno moja, bila hata kufikiri.

Siku ya tatu asubuhi Mulumba alivaa mkanda wa kupandia. Mzee Wafula alitufundisha kwamba kabla mtu hajapanda mnara unalegeza breki kisha unaikaza tena, uone kama inashika. Nikalegeza mnyororo.

Mkia ukalia, ukajigeuza. Gurudumu likatazama kusini mashariki. Kutu ikaanza kutuangukia vichwani. Kisha likazunguka. Taratibu kwanza, likikoroma, halafu kwa kasi, na fimbo ikaanza panda-shuka, panda-shuka, kama siku liliposimikwa.

Mulumba alirudi nyuma hatua tatu. "Mama," akasema, "si ulisema hii ilikufa?"

Nilisema moyoni kwamba ni upepo wa bahati tu, na hata hivyo kule chini ni kukavu. Nilisahau kwamba pistoni ilikuwa imezama majini miaka yote hiyo na ngozi zake hazikuwahi kukauka. Baada ya kitambo bomba likakohoa. Likatema maji mekundu ya kutu, likakohoa tena, yakaja meupe, yakajaa mfereji, na kina mama wakaja mbio na madumu.

Nikakaa juu ya kisiki cha mathenge na kutazama upande ule palipokuwa na miti. Palikuwa wazi hadi upeo wa macho, na upepo ulikuwa ukinipiga usoni. Nikatambua kwamba mahali pale, miaka yote ya mwisho, haukuwahi kunipiga usoni. Nilikuwa nimeupanda mnara ule mara nyingi, na kila mara upepo ulinijia mara huku mara kule, nikasema upepo wa leo ni wa hovyo, nikashuka. Jiwe liko chini, na liko nyuma. Vurugu iko juu, na iko mbele. Ukuta wa miti hauzuii upepo kwa kimo chake tu. Upepo ukiuruka unapanda na kubingirika nyuma yake, mara mbili ya kimo cha miti na masafa marefu kwenda mbele, na gurudumu langu lilikuwa limekaa katikati ya vurugu hiyo, likipata upepo nusu, maana yake maji moja ya nane. Nilikuwa nimelisema hilo kwa mafundi wote wa kaunti.

Bibi mmoja aliyekuwa akikinga maji aliinua kichwa, akatazama gurudumu, akasema bila kunitazama mimi, "Ekidor alisema hivi."

Naomba niwaambie ukweli wa siku iliyofuata, ingawa naona haya. Mulumba, kwa wema wake, alinishauri niandike kwamba breki ilikuwa imekwama na sasa imetengenezwa. Nani angejua? Nilikuwa na miezi miwili tu. Nilichukua penseli, na neno "breki" nililiandika. Liko kwenye daftari hadi leo, nimelikata. Nilifikiria sherehe ya kuagwa, hotuba, watu wakisema huyu mama hakuwahi kukosea pampu. Upande wa pili nilifikiria mtu mmoja tu, na jina alilobandikwa. Nikamwita dereva twende ziwani.

Tulimkuta Ferguson's Gulf, upande wa Kalokol, amekaa kando ya mashua iliyopinduliwa, akitengeneza wavu. Nywele zimekuwa nyeupe. Tukasalimiana ejok, akaniita mama kama zamani, na adabu yake hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi. Nikamwambia yote, miti, gurudumu, maji, ripoti. Mikono yake iliendelea kufanya kazi.

"Mlikata yote?" akauliza.

"Yote."

"Nani alitoa ruhusa?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa kukubali, vilevile kama siku ya kupanda. Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kwa nini hakuikata mwenyewe, siku yoyote kati ya siku zote nilizokuwa Lodwar, maji yarudi, niaibike mimi. Aliweka wavu chini na kunitazama kama mtu anayeshangaa swali la mtoto.

"Nikate ya mtu?" akasema. "Nilikuuliza. Ulisema ni yako."

Hapo ndipo niliposhtuka mshtuko ambao haujanitoka. Mzaha wangu wa dakika moja, wa kutafuta kicheko, yeye aliuheshimu miaka yote. Mwizi wa makaa angekata kwanza na kuomba baadaye. Huyu aliomba mara tatu na hakugusa tawi, na mimi kule kuomba kwake ndiko nilikokufanya ushahidi wa wizi. Nililia mbele ya wavuvi, mtu mzima mimi, na yeye akaniletea maji ya kunywa.

Nilimwomba aje Naremiet, watu wasikie kutoka mdomoni mwangu. Alikuja na gari letu siku tatu baadaye. Kazi hakuitaka tena. Alisema watoto wake sasa ni watu wa ziwa. Wanakijiji walikusanyika kwenye mfereji. Nilisimama nikasema kwamba Ekidor hakuiharibu pampu, hakutaka makaa, alijua kilichoua upepo, aliniambia mara tatu, na mimi nilimsingizia mbele yao. Kisha bibi yule wa dumu akaenda kumshika Ekidor mkono, na wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Gurudumu tuliliacha, na sola ile tukaipeleka kijiji kingine upande wa Lorugum. Lakini kabla hatujaondoka Ekidor alienda kwenye mnara. Akavuta mnyororo, gurudumu likasimama. Akauachilia, likazunguka. Akabandika sikio kwenye bomba, macho amefumba, akasema vali ya chini inavuja kidogo. Tuliifungua wiki iliyofuata, na ilikuwa inavuja.

Halafu akanigeukia. "Sasa andika," akasema.

Nikatoa daftari, nikaliweka juu ya goti kama siku ile, nikaandika kwa Kiswahili. Alisimama akingoja hadi nikamaliza.

"Umeandika nini?"

Nikamsomea: "Ekidor alisema kweli tangu mwanzo. Mimi sikumsikiliza, nikamwandika mwongo."

Akatazama visiki.

"Andika pia kwamba miti ilikuwa yako."

Miti ilikuwa yangu.